Chura Aliyepima Mimba

Leo tuzungumzie kile kijiti cha kupimia mimba kinachouzwa katika maduka ya dawa. Unakichovya kwenye mkojo, unangoja dakika chache, mistari miwili inatokea. Je, wajua kwamba zamani kazi hiyo ilifanywa na chura?

Miaka mia moja iliyopita, mwanamke aliyekosa hedhi hakuwa na kipimo cha hakika cha kumwambia kama ni mimba au ni ugonjwa. Mwaka wa 1928, Aschheim na Zondek wa Berlin waligundua kwamba panya jike akidungwa mkojo wa mja mzito, ovari zake hubadilika. Lakini ilibidi panya auawe na kupasuliwa ndipo jibu lipatikane.

Ndipo akaja chura wetu wa Afrika, yule wa majini mwenye kucha katika miguu ya nyuma. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyefundisha Cape Town kuanzia 1927 hadi 1930, alimdunga chura dawa iliyotolewa katika tezi ya chini ya ubongo wa ng'ombe. Chura akataga mayai! Miaka michache baadaye, Shapiro na Zwarenstein wa mji huo huo wakajaribu mkojo wa waja wazito. Homoni ya mimba iliyomo ilimfanya chura atage kabla ya siku kwisha. Naye hakuuawa, alipumzishwa, kisha akatumiwa tena. Vyura hao walisafirishwa kwa maelfu hadi Ulaya na Marekani. Kijiti cha leo hutafuta homoni iyo hiyo, kwa hivyo ukiona mistari miwili usikawie, nenda kliniki kabla ya wiki ya 12.

Vipimo vya kemikali vilipokuja miaka ya 1960, chura hakuachishwa kazi. Mayai yake ni makubwa, na hukua nje ya mwili, mbele ya macho ya mtafiti. Mwaka wa 1962 John Gurdon wa Oxford alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia katika yai lililoharibiwa kiini chake. Akapata kiluwiluwi mzima. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2012, pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani.

Sasa watafiti wanashughulika na fumbo jingine. Kiluwiluwi akikatwa mkia, humea tena. Mguu wake mchanga pia. Chura mzima akikatwa mguu, huota kijiti cha gegedu tu, kisicho na vidole.