MiG, F-5 na mtu aliye ndani

Leo naiweka kodi kando kidogo tuongee kuhusu ndege za kivita.

Sisi wa Kiganjo tunajulikana kwa chuo cha polisi. Lakini reli na barabara zinazopita hapa zinaendelea hadi Nanyuki, iliko kambi ya jeshi la anga ya Laikipia, makao ya ndege za F-5. Basi ubishi hauishi: F-5 zetu na ndege za majirani, zipi kali zaidi? Tangu Uganda ianze kupokea Sukhoi Su-30 sita mwaka 2011, ubishi umezidi. Vijana wanatoa simu, wanasoma kasi, injini na makombora, kisha wanatangaza mshindi.

Mimi ni mtu wa kompyuta, takwimu nazipenda. Lakini mashindano haya ya majirani yana historia, na historia yenyewe haikufuata jedwali.

Turudi 1976. Mwezi Februari, Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Alikuwa na MiG-17 na MiG-21 za Kisovieti. Kenya ilikuwa na ndege chache za Kiingereza, Hunter na Strikemaster. Mwaka huo huo Kenya ikaagiza F-5 kutoka Marekani, na zikafika 1978.

Tuzilinganishe kwenye karatasi. MiG-21 ina injini moja na hufikia kama mara mbili ya kasi ya sauti. F-5E ina injini mbili ndogo na hufikia kama mara 1.6. Lakini kwa udogo na wepesi zinakaribiana sana, hata jeshi la majini la Marekani liliitumia F-5 kuigiza MiG-21 katika mazoezi ya marubani wake. Tuseme ni sare.

Sasa tazameni yaliyotokea. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israel waliokwenda Entebbe kuokoa mateka walizilipua MiG kadhaa za Amin zikiwa zimeegeshwa. Mara mbili ya kasi ya sauti haiisaidii ndege iliyolala.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Tanzania. Walitaka kulivunja daraja la Kyaka ili Watanzania wasivuke. Ndege zikatumwa, mabomu yakakosa. Mwishowe aliletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, na ndiye aliyeliangusha. Mtu wa migodi aliwashinda marubani wa jeti!

Tanzania nayo ilipata yake. Mwanzoni mwa vita hivyo, wapiga mizinga wake huko Musoma walizitungua ndege tatu za nchi yao wenyewe. Ndege zilikuwa nzima, mizinga ilikuwa nzima, ila havikutambuana. Yeyote aliyewahi kuunganisha mifumo miwili ya kompyuta analijua tatizo hili, tofauti ni kwamba kwetu hafi mtu.

Machi 1979 Libya ikamsaidia Amin kwa kutuma Tu-22, ndege kubwa ya kudondosha mabomu inayoruka kwa kasi kuliko sauti, ipige Mwanza. Mabomu yakaukosa mji na kuangukia hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa na askari ambao sehemu kubwa ya safari waliimaliza kwa miguu.

Na F-5 zetu je? Siku yao kubwa haikuwa dhidi ya jirani yeyote. Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Kule Nanyuki, waasi waliwalazimisha marubani kwa mtutu wa bunduki waruke wakaipige Ikulu ya Nairobi na makao makuu ya GSU. Marubani waliruka kweli. Lakini mabomu waliyaangusha msituni, Mlima Kenya. Nairobi haikupigwa kutoka angani.

Baada ya hapo jeshi la anga lilivunjwa, na likaitwa 82 Air Force hadi 1994.

Nikipita Kiganjo na kuutazama mlima, huo ndio ulinganisho ninaoufikiria. Hakuna jedwali lenye safu ya "rubani atakataa". Leo nchi nyingi zinanunua ndege zisizo na rubani, na watu wa kazi yangu ndio wanaoandika programu zake. Programu humtii anayeshika mitambo. Ingekuwa hivyo Agosti 1982, mwenye bunduki angebonyeza tu, na mabomu yangefika Nairobi.

Basi vijana, endeleeni kubishana kuhusu Su-30 na F-5, ni starehe. Ila mkimaliza injini na makombora, ulizaneni pia: nani ameketi ndani, amefunzwa nini, na akiamriwa jambo baya atafanyaje?