Mradi wa Video Ambao Hatukuufanya

Kitabu hiki kinataja miradi mingi iliyotupatia faida. Sisi tumeona vema tuandike pia juu ya mradi wa kukodisha video, ambao uliishia kwenye daftari. Huo ndio uliotufundisha kupanga.

Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, ingawa wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo huku Ngara na Biharamulo wengi wetu picha tuliziona kwanza kwenye deki ya video, jenereta likinguruma nje. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Benaco ikawa kama mji, hela zikazunguka, kila biashara ikapata wateja. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, na waliotegemea kambi wakabaki na bidhaa mikononi. Baadaye zikaja kanda za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu, kisha filamu zetu za bongo kwenye CD. Akina mama nao wakazipenda.

Basi mwaka 2017, mwaka wetu wa pili, mwenzetu mmoja akaleta wazo: kikundi kifungue duka la kukodisha CD. Tukakubaliana kwamba kabla ya kufungua sanduku tufungue daftari.

Kwanza tuliandika vifaa: televisheni, deki, sola au jenereta, mafuta, pango la chumba. Pili, sheria. Sheria ya filamu ya 1976 inataka vibali, na ile ya hakimiliki ya 1999 inataka mwenye kazi akubali kazi yake ikodishwe. Tangu 2013 kukawa na stempu ya kodi kwenye CD. Zile za kunakili tukazifuta kwenye hesabu.

Tatu, tulijiuliza CD itarudi lini na ikiwa katika hali gani. Tulisema hivi: CD ya Sh 3,000 ikikodishwa kwa Sh 500, itoke mara 6 ndipo irudishe bei yake tu. Pango bado, mafuta bado. Ikirudi na mikwaruzo mara ya tatu, hiyo ni hasara.

Nne, wateja. Anayekodi ni mwenye deki nyumbani, nao walikuwa wachache. Vijana tayari walikuwa wanaingiziwa filamu kwenye memori kadi za simu. Mmoja akikodi, kesho mtaa mzima umeshanakili.

Ndugu zetu, fedha za sanduku zilikuwa ada za watoto na mbegu za msimu. Tulipopiga kura, wengi walikataa. Baadhi ya wadogo zetu walikasirika, wakasema wazee tunaogopa maendeleo, na wawili wakajitoa. Kwa kweli tuliumia, kwani walikuwa waweka hisa wazuri. Lakini akiba ya mjane haichezewi.

Mwenye wazo hatukumwacha mikono mitupu. Alichukua mkopo wake kwa kanuni yetu ya kawaida, usiozidi mara tatu ya hisa zake, akanunua sola ya kuchaji simu. Simu zilezile zilizotuzuia kukodisha CD ndizo zilizomletea wateja, na mkopo aliumaliza.

Tangu hapo kila anayeleta mradi anajibu maswali manne: vifaa ni shilingi ngapi, sheria inasemaje, mali itarudije, na mteja atakuwepo hata mwakani? Maswali hayo yameandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari letu. Wadogo zetu mtakaoshika uongozi, daftari likijaa mnunue jipya, na maswali myanakili kabla ya jambo lingine lolote.