Mkanda wa Liverpool: Sauti ya Freddie Mercury kabla ya Queen, na funzo kwa Simiyu

Na Mwandishi Wetu

SEPTEMBA 9, 1969, kijana mmoja mzaliwa wa Zanzibar alipanda jukwaani katika klabu iitwayo Sink, jijini Liverpool, Uingereza. Siku nne kabla yake alikuwa ametimiza umri wa miaka 23. Hakuwa na rekodi hata moja sokoni, na bendi aliyokuwa akiimba nayo, Ibex, haikuwa ikifahamika sana.

Kijana huyo, Farrokh Bulsara, ndiye ambaye baadaye ulimwengu ulimfahamu kwa jina la Freddie Mercury. Onyesho la usiku huo lilinaswa kwa mashine ya kanda za magurudumu na Geoff Higgins, rafiki wa bendi aliyekuwa akisaidia kazi za vyombo. Mkanda huo ndio rekodi ya mapema zaidi inayofahamika ya mwanamuziki huyo akiimba mbele ya hadhira.

Kutoka Mji Mkongwe

Bulsara alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, katika familia ya Waparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Waingereza. Akiwa mtoto alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics.

Alirejea Zanzibar mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia yake ilihamia Uingereza na kuishi Feltham, karibu na London. Alisoma sanaa ya uchoraji na usanifu katika Chuo cha Sanaa cha Ealing na kuhitimu mwaka 1969. Majira hayo hayo ya kiangazi alijiunga na Ibex, iliyokuwa na Mike Bersin katika gitaa, John Taylor katika gitaa la besi na Mick Smith katika ngoma. Onyesho lake la kwanza na bendi hiyo lilifanyika Bolton, Agosti 1969, majuma machache tu kabla ya usiku wa Liverpool.

Kilichomo katika mkanda

Nyimbo zilizopigwa usiku ule nyingi zilikuwa za wengine: za Cream, Led Zeppelin, Jimi Hendrix, The Beatles na Elvis Presley. Ndivyo bendi changa nyingi zilivyokuwa zikijifunza kazi. Sauti ya kanda ni hafifu, gitaa linaimeza sauti ya mwimbaji mara kwa mara, na mwimbaji mwenyewe bado anatafuta njia yake. Hata hivyo, msikilizaji aliyezoea rekodi za Queen humtambua. Jitihada ya kupanda juu na ujasiri wa kuishika hadhira vinasikika tayari.

Jambo la kusikitisha ni kilichokosekana. Brian May na Roger Taylor, waliokuwa katika bendi ya Smile, walikuwapo Liverpool usiku huo. Kwa mujibu wa kumbukumbu za waliohudhuria, wawili hao walipanda jukwaani mwishoni na kupiga pamoja na Ibex. Ingekuwa rekodi ya kwanza ya watu watatu ambao baadaye waliunda Queen, lakini mkanda ulikuwa umekwisha.

Bendi hiyo haikudumu. Ilibadili jina na kuitwa Wreckage, kisha ikavunjika kabla ya mwaka 1969 kumalizika. Mwaka 1970 Bulsara aliungana na May na Taylor, na mwaka uliofuata akaja mpiga besi John Deacon. Albamu ya kwanza ya Queen ilitoka mwaka 1973, na mwaka 1975 "Bohemian Rhapsody" ilishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma tisa. Mercury alifariki dunia London, Novemba 24, 1991, kwa maradhi yatokanayo na ukimwi.

Kipande cha mkanda wa Sink kilitolewa rasmi mwaka 2000, miaka 31 baada ya onyesho. Ni wimbo wa The Beatles uitwao "Rain", uliowekwa katika mkusanyiko mkubwa wa kazi zake binafsi, The Solo Collection. Kilichoupa mkanda huo thamani ni kwamba mtu aliutunza, na kwamba tarehe, mahali na majina ya wapigaji vilijulikana.

Funzo kwa Simiyu

Jambo hili linaihusu Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kujumuisha wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Hapa muziki huzaliwa mbele ya watu. Katika mashindano ya ngoma za Wasukuma baada ya mavuno, vyama viwili hasimu vya asili, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Mwimbaji kiongozi, ambaye Wasukuma humwita ningi, hulazimika kuja na tungo mpya zenye kuteka watu.

Rekodi ya mashindano ya namna hiyo haiwezi kutengenezwa upya studio. Vigelegele, kejeli kwa wapinzani na umati unaohama upande mmoja kwenda mwingine ni sehemu ya wimbo wenyewe.

Baadhi ya watu waliliona hilo mapema. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, Wasukuma wakiwemo. Rekodi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha nchini Afrika Kusini mwaka 1954. Mwaka 2010 mtafiti Mmarekani Frank Gunderson alichapisha kitabu chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300. Karibu na Mwanza, Makumbusho ya Bujora yanaendelea kuhifadhi ngoma na vifaa vya utamaduni huo.

Lakini waimbaji wanaochipukia leo hurekodiwa zaidi kwa simu. Wimbo hupita kutoka kadi moja ya simu hadi nyingine bila jina la mtunzi, na simu ikipotea au kuharibika, onyesho limekwenda. Kanda za kaseti za miaka ya 1980 na 1990 nazo huharibiwa na joto, vumbi na unyevu, na mashine za kuzichezea zimekuwa adimu.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Anayerekodi ataje mwanzoni mwa rekodi tarehe, kijiji, jina la kikundi na la mwimbaji. Nakala zisipungue mbili, nazo zitunzwe mahali tofauti. Kaseti ya asili isitupwe hata baada ya kuhamishiwa kwenye kompyuta. Aidha, mwimbaji aombwe ridhaa, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda pia msanii anayetumbuiza jukwaani, si mtunzi pekee.

Hakuna aliyejua mwaka 1969 kwamba mwimbaji wa Ibex angekuwa nyota wa dunia. Vivyo hivyo, hakuna ajuaye ni ningi yupi wa Itilima au Meatu ambaye sauti yake itatafutwa miaka 30 ijayo. Kwa sababu hiyo, wakati wa kuitunza ni sasa, angali mwimbaji wa kijijini.