Lugha za Nyumbani Kandokando ya Ziwa Mweru

Mwaka 1867 Livingstone alipofika mji wa Mwata Kazembe, kusini mwa Ziwa Mweru, alimkuta huko Muhammad bin Salih, mfanya biashara Mwislamu aliyekwisha kaa miaka mingi. Watu wa kazi yake ndio waliokileta Kiswahili katika nchi hii.

Lakini lugha ya safari na biashara si lazima iwe lugha ya nyumbani. Mtoto hunena kwanza kwa ulimi wa mama yake, na huku Nchelenge ulimi huo ni Kibemba. Kiswahili kimeshika zaidi ng'ambo, upande wa Kongo, kule Pweto na Kilwa. Hata hivyo Kibemba kina alama ya wageni wale wa kale: neno indalama, yaani fedha, asili yake ni dirhamu.

Basi asidhani mtu kuwa nyumba isemayo Kibemba imepungukiwa na Uislamu. Qurani Tukufu, Sura ya 30, aya ya 22, yazitaja tofauti za ndimi kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Sala ina Kiarabu chake. Maana ya sala, mtoto na aelezwe kwa lugha anayolilia.