Doa na Ila katika Reale ya Fedha

Wanafunzi wetu huyatumia maneno doa, waa, ila na dosari kana kwamba ni neno moja, na kuyatenga kwa maelezo matupu ni kazi ngumu. Sisi twapenda kuanzia kwenye sarafu.

Katika karne ya 19 biashara kubwa ya pwani yetu ilihesabiwa kwa reale. Mashuhuri miongoni mwazo ni ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Mwaka huo ungali juu yake, ijapokuwa imepigwa chapa miaka mingi baadaye huko Vienna, Roma, London na hata Bombay. Uzito wake ni gramu 28 na ziada kidogo; katika sehemu sita za madini yake, tano ni fedha na moja ni shaba. Edward Steere, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1870, aliifasiri "fedha ya Sham" kuwa ni dola nyeusi.

Fedha kuwa nyeusi si ajabu. Ikikutana na salfa iliyomo hewani hufanya utando, kwanza wa manjano, kisha wa hudhurungi, mwisho mweusi. Utando huo ni mwembamba mno, na mizani ya sonara haiujali. Hilo ni doa.

Ila ni jambo jingine. Huko Uhabeshi na Arabuni wapokeaji walizitazama lulu za pambo lililo begani mwa malkia. Reale iliyosagika hata lulu zisionekane ilikataliwa, maana hapo fedha yenyewe imepungua. Lakini hata reale mpya, ikiwa lulu zake hazikutokea vizuri, ilirudishwa kwa mwenyewe, ingawa uzito ulikuwa kamili. Jicho nalo lilikuwa na hukumu yake.

Hukumu hiyo haijafutwa. Sarafu za akiba za siku hizi, kama ile ya Kanada yenye jani, ni fedha tupu kwa sehemu 9,999 katika 10,000, na bado nyingine hutokeza madoa meupe kama matone ya maziwa. Husemwa kwamba chanzo ni mabaki ya dawa za kusafishia, yaliyobaki juu ya kisahani cha fedha kabla ya kupigwa chapa. Mwaka 2018 kiwanda cha Kanada kilianza kutumia kinga dhidi yake. Fedha haikupungua hata chembe, lakini mnunuzi hukunja uso. Wako wenye sarafu hizo wanaozisugua kwa nguvu ili zitakate, wakaikwaruza sura. Nasi darasani huuliza, sasa ni doa au ni ila?