Ukoo wa Ksaveri: Ngome Ilibomolewa, Jina Likabaki

Katika parokia zetu za Masisi na Walikale wako wengi waliobatizwa jina la Ksaveri. Je, mwajua kwamba hapo kwanza jina hilo lilikuwa la ngome?

Ngome ya Javier ilisimama katika ufalme wa Navarra, kaskazini ya Hispania, tangu karne nyingi. Mrithi wake alikuwa Maria de Azpilcueta. Mumewe, Juan de Jasso, alikuwa mshauri wa mfalme. Kitinda mimba wao, Fransisko, alizaliwa mwaka 1506.

Mwaka 1512 mfalme Fernando aliiteka Navarra. Baba alifariki mwaka 1515, na mwaka uliofuata minara ya ngome ikabomolewa. Mwaka 1521 kaka zake Fransisko waliinuka kuikomboa nchi yao. Penye boma la Pamplona, upande wa adui zao, risasi ya mzinga ilimvunja mguu askari mmoja: ndiye Inyasi wa Loyola.

Basi Fransisko na Inyasi walikutana Paris, wakalala chumba kimoja. Fransisko hakumpenda upesi. Lakini tarehe 15 Agosti 1534 waliweka nadhiri pamoja na wenzao watano.

Mwaka 1542, akisafiri kwenda India, Fransisko alifika Malindi. Mwaka 1552 alifariki kisiwani karibu na China. Tarehe 12 Machi 1622 wote wawili walitangazwa watakatifu.

Sisi huku twajua uchungu wa nyumba ya baba kubomolewa. Fransisko naye aliujua. Lakini hakurithi kisasi. Kwa hiyo jina la ukoo wake limefika hata milimani kwetu.