Neno na Matumizi: Ukumbusho si kaburi
Juzi nimeona picha ya msalaba wa jiwe, umechongwa vizuri, umesimama kwenye uwanja wa kanisa huko Uingereza. Chini ya picha imeandikwa: "kaburi la mashujaa". La hasha! Misalaba ya aina hiyo kwa kawaida haina mtu chini yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilikataza maiti za askari kurudishwa nyumbani. Walizikwa walikofia: Ufaransa, Gallipoli, hata kwetu Taveta. Kijijini yakarudi majina tu, yakachongwa kwenye jiwe.

Huo ni ukumbusho, kutokana na kumbusha. Usiuite makumbusho, maana hilo ni jumba la kuhifadhia vitu vya kale. Kumbukumbu hukaa kichwani, au kwenye faili. Na mnara je? Neno hili limetoka Kiarabu, lina undugu na nuru, nalo hudai urefu. Wapo wanaoiita mnara hata Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, sigombani nao. Ila msalaba unaolingana na mlango wa kanisa? Hapana, tuuache uwe ukumbusho.